Cheti cha kulipia: kisa cha kampuni ndogo ya usafi na dawa za wadudu

Usuli

Kampuni inayozungumziwa hapa iko Dar es Salaam na inafanya kazi mbili: usafi wa majengo na kupuliza dawa za wadudu. Majina na mitaa vimeondolewa na viwango vya fedha vimezungushwa ili wahusika wasitambulike, lakini mwenendo wa mambo ni ule ule. Mwenye kampuni alianza na pampu moja ya mgongoni, akiua kunguni kwenye nyumba za kupanga. Kisa hiki kinamkuta akiwa na wafanyakazi 14 wa kudumu, gari moja aina ya Carry, na vibarua anaowaita kazi ikizidi. Wafanyakazi wanamwita Bosi, na hapa tutamwita hivyo hivyo.

Mauzo yalikuwa yanazunguka shilingi milioni 15 kwa mwezi. Akishalipa mishahara, dawa, mafuta ya gari, pango na kodi, kilichokuwa kinabaki ni kama asilimia 15. Namba hiyo ishikwe, maana itarudi.

Wateja wake walikuwa ofisi ndogo, shule mbili za binafsi, hoteli moja ya wageni wa kawaida na wafanyabiashara kadhaa wa Kariakoo wenye stoo. Karibu wote walimpata kwa kuambiana: mtu kapuliziwa, mende wamekwisha, kampa jirani namba. Upande wa karatasi alikuwa na usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara ya halmashauri na kibali cha TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu. Kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, alikuwa ameandikisha baadhi ya wafanyakazi. Kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, alikuwa hajasajili eneo lake la kazi, na michango ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ilikuwa nyuma. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hata kimoja kati ya hivyo, basi naye akaviacha.

Tenda iliyopotea

Kampuni moja inayohifadhi na kufungasha chakula cha kusafirisha nje ilitangaza tenda ya kudhibiti wadudu na panya katika maghala yake mawili, dogo na kubwa. Mkataba wa mwaka, thamani yake kama milioni 4 kwa mwezi kwa yote mawili. Kwa Bosi hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzigusa. Akaweka bei ya chini, akapeleka bahasha, akakosa.

Wiki chache baadaye alipita karibu na ghala lile akaona gari la walioshinda. Ubavuni lilikuwa na stika kubwa ya ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Hapo hapo akahitimisha: wamenishinda kwa cheti. Akaanza kutafuta pa kukinunua.

Mimi nashauri biashara ndogo, na niliitwa baadaye kidogo, mambo yakiwa yameshaanza kugharimu. Kitu cha kwanza nilichoomba ni waraka wa tenda. Alikuwa nao kwenye simu, umezama chini ya picha za harusi kwenye kundi la WhatsApp. Ukurasa wa 4 ulikuwa na orodha ya nyaraka za lazima: hati ya TRA kuwa hudaiwi kodi, kibali cha TPHPA, cheti cha OSHA pamoja na rekodi za kupima afya za wapulizaji, uthibitisho wa michango ya NSSF na WCF, karatasi za usalama za kila kemikali, bima ya madhara kwa mtu wa tatu, na mfano wa ripoti ya kazi mliyowahi kumfanyia mteja mwingine. ISO 9001 ilitajwa ukurasa wa mwisho, kwenye jedwali la alama, kama sifa ya ziada: alama 5 kati ya 100.

Barua ya kumkatalia nayo ilikuwepo. Mistari miwili. Wa pili ulisema nyaraka za lazima hazikukamilika, kwa hiyo bei haikufunguliwa. Bosi alikuwa ameisoma. "Hiyo ni lugha yao ya kukutoa," alisema. Lugha au siyo lugha, kati ya nyaraka za ukurasa wa 4 alikuwa na mbili tu zilizokamilika.

Simu ya tuzo

Kati ya kukosa tenda na siku niliyoitwa, Bosi alipigiwa simu. Kampuni yako, akaambiwa, imeteuliwa miongoni mwa kampuni bora za huduma nchini. Sherehe itafanyika hotelini. Tuzo yenyewe ni bure, ila kuna kifurushi: ngao ya kioo, cheti, nembo ya "mtoa huduma aliyethibitishwa" ya kuweka kwenye gari na kwenye kichwa cha barua, pamoja na nafasi mbili mezani. Milioni 1.8. Akalipa.

Nilimuuliza aliulizwa maswali gani kabla ya kuteuliwa. Jina la kampuni liandikweje, na watakuja watu wangapi. Basi. Hakuna aliyefika ofisini wala aliyempigia mteja wake hata mmoja.

Haki yake isemwe: ile ngao haikukosa kazi kabisa. Wafanyakazi waliifurahia, wakapiga nayo picha, na mwalimu mkuu wa shule mojawapo akampongeza. Lakini kwa miezi iliyofuata hakuna mteja mpya aliyesema amekuja kwa sababu ya nembo ile, na tulikuwa tunamuuliza kila anayepiga simu ametupataje.

Shemeji yake anayeishi Marekani ndiye aliyemtia moyo kulipa. Kule, alisema, biashara makini zote zinalipia BBB. Better Business Bureau ni jumuiya ya binafsi isiyo ya serikali, mizizi yake ni ya mwaka 1912, na inazipa biashara alama kuanzia A+ hadi F. Shemeji hakusema kwamba biashara isiyolipa nayo hupewa alama, na inaweza kabisa kuwa na A+. Kinacholipiwa ni uanachama na haki ya kutumia nembo. Na hata chombo hicho chenye umri wa zaidi ya karne kilijikwaa. Mwaka 2010 televisheni ya ABC ilionyesha jinsi tawi la Los Angeles lilivyoipa alama nzuri biashara hewa iliyosajiliwa kwa jina la Hamas, mradi ada imelipwa. Mwaka huo huo wakaacha kuongeza alama kwa sababu tu mtu amelipa ada, na mwaka 2013 tawi lile likafukuzwa. Pamoja na hayo yote, BBB ina kitu ambacho nembo ya Bosi haikuwa nacho: mahali ambapo mteja aliyeumizwa anapeleka malalamiko yake, yakawekwa hadharani, na biashara ikatakiwa kujibu. Nembo isiyo na dirisha la malalamiko ni pambo la gari.

Cheti cha wiki mbili

Aliponiita alikuwa na profoma mbili mezani, zote za ISO 9001. Ya kwanza: milioni 2.5, cheti ndani ya wiki mbili, hakuna kutembelewa, "mwongozo wa ubora tunakuandalia sisi". Ya pili: mshauri, mafunzo na ukaguzi, jumla kama milioni 13 kwa mwaka wa kwanza, kisha kama milioni 4 kwa ukaguzi wa kila mwaka katika miaka miwili inayofuata. Kwa tofauti ile ya bei, mtu yeyote angevutiwa na ya kwanza.

Shirika la ISO lenyewe halimpi mtu cheti. Linaandika viwango tu, na haliruhusu hata nembo yake itumiwe na waliothibitishwa. Cheti hutolewa na kampuni ya ukaguzi, na kampuni hiyo nayo inatakiwa iwe imepimwa na chombo cha ithibati, yaani chombo kinachowakagua wakaguzi wenyewe. Kwa Tanzania na nchi nyingine kadhaa za SADC kipo SADCAS chenye makao Gaborone. Kenya wana KENAS. Ukaguzi wa kweli una hatua mbili: kwanza wanapitia nyaraka zako, kisha wanakuja kuona kama unachokiandika ndicho unachokifanya. Cheti hudumu miaka mitatu na hapo katikati wanarudi kila mwaka. Sasa cheti kinachotoka ndani ya wiki mbili bila mtu kukanyaga ofisini kwako, kimekagua nini?

Tulimwandikia muuzaji wa kwanza swali moja: ithibati yenu mmepewa na nani? Likaja jibu lenye jina refu la chombo cha nje. Tulipokitafuta, hakikuwa mwanachama wa mtandao wowote wa kimataifa wa vyombo vya ithibati, na anwani yake ilikuwa ile ile ya kampuni iliyokuwa inauza vyeti. Yaani walikuwa wamejipa ithibati wenyewe. IAF CertSearch, huduma ya mtandaoni ya kutafuta vyeti vilivyotolewa chini ya ithibati, ni mahali pazuri pa kuanzia mtu anapotaka kukagua cheti cha aina hii, na haihitaji kujuana na mtu.

Huyo akaondolewa. Ikabaki ya milioni 13, ambayo ilikuwa halali kabisa, na hapo ndipo palipohitaji kufikiri.

Maamuzi na sababu zake

Kwanza hesabu. Miaka mitatu ya cheti halali ingegharimu milioni 21. Kwa faida ya asilimia 15, ili kurudisha milioni 21 Bosi alihitaji mauzo mapya ya milioni 140 katika miaka hiyo, kama milioni 47 kwa mwaka. Mauzo yake ya mwaka yalikuwa milioni 180. Kwa hiyo cheti kilitakiwa kilete wateja wapya wa zaidi ya robo ya biashara nzima, wateja ambao bila cheti wasingekuja, ndipo kijilipie tu.

Pili, tukawauliza wateja. Hapa Bosi alitangulia. Aliwapigia saba na kuwauliza kama angekuwa na cheti cha kimataifa kingewasaidia. Wote wakasema ndiyo. Mtu gani atasema hapana? Hakimgharimu kitu. Tukarudia kwa swali jingine: mara ya mwisho ulipomchagua mtu wa usafi au wa dawa, uliomba karatasi zipi? Wengi walicheka. Waliomba namba kutoka kwa mtu wanayemwamini na risiti ya EFD. Mwenye hoteli alisema aliwahi kuombwa na bwana afya aonyeshe alipuliza lini na kwa dawa gani, akawa hana cha kuonyesha.

Jibu hilo la mwenye hoteli ndilo lililobadilisha mwelekeo. Tukaomba nafasi ya kuonana na meneja wa ubora wa yale maghala, si kulalamika, ila kuuliza faili zuri linafananaje. Alikuwa mtu mkarimu. Akatoa faili la kampuni iliyoshinda, akafunika bei kwa kiganja, akatuonyesha. Ndani kulikuwa na ramani ya ghala iliyochorwa kwa mkono, kila kituo cha chambo cha panya kikiwa na namba. Baada yake fomu za kila ziara: kituo namba 7, chambo kimeliwa nusu, namba 8, hakijaguswa, dawa iliyotumika, kiasi kilichochanganywa, saa ya kuingia na kutoka, sahihi mbili. Mwishoni jedwali dogo la miezi, linaloonyesha panya wanaongezekea upande wa mlango wa kupakilia.

"Wateja wangu wa nje wakituma mkaguzi," alisema, "hiki ndicho anachoomba. Mkaguzi hajawahi kuniuliza mpulizaji wangu ana ISO. Ananiuliza ramani iko wapi."

Ghala la chakula linakaguliwa kwa viwango vyake lenyewe vya usalama wa chakula, na viwango hivyo vinalidai rekodi za kudhibiti wadudu. Kwa hiyo anayesoma karatasi za Bosi si meneja aliyemwajiri. Ni mtu wa tatu ambaye Bosi hatakutana naye kamwe.

Basi tukaamua hivi: ISO isubiri. Fedha zielekezwe kwenye vya lazima na kwenye faili. Bosi hakufurahi. Alitaka stika. Alikubali pale nilipomwandikia kwamba hata angekuwa na ISO siku ile, bahasha yake isingefunguliwa, kwa sababu cheti cha OSHA na uthibitisho wa WCF havikuwemo.

Kilichofanyika

Eneo la kazi likasajiliwa OSHA, wapulizaji wakapimwa afya. Madeni ya WCF yakalipwa, wafanyakazi wote wakaandikishwa NSSF, ambayo peke yake ni asilimia 20 ya mshahara, kati ya mwajiri na mwajiriwa. Hapa ndipo palipouma, maana huu si mchango wa mara moja. Bei za huduma zikalazimika kupanda kidogo.

Karatasi za usalama za kemikali ziliombwa kwa wauzaji wa dawa, ambao walikuwa nazo muda wote. Fomu ya ziara ikatengenezwa, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nakala mbili. Kijana mmoja aliyekuwa anapenda kuchora akapewa kazi ya ramani. Ilianza kwa mteja mmoja, mwenye hoteli, bila nyongeza ya bei. Mzozo ulikuwa kwa wapulizaji wenyewe: walizoea kumaliza na kuondoka, sasa wanaambiwa waandike kila kituo. Wiki za kwanza fomu zilijazwa ndani ya gari wakati wa kurudi, zote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na Bosi alipoona kila kituo kimeandikwa "sawa" alizirudisha zote.

Pia alijisajili kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na akafungua ukurasa wa biashara kwenye ramani za Google, ambao hautozwi. Wateja wa zamani wakaombwa waandike maoni yao pale.

Matokeo

Mkataba wa maghala ulipoisha, tenda ikatangazwa upya. Safari hii bahasha ya Bosi ilifunguliwa. Akapata ghala dogo, milioni 1.5 kwa mwezi. Ghala kubwa likabaki kwa wale wale.

Shule moja iliondoka kwa sababu ya bei kupanda, ikaenda kwa mtu asiyelipia wafanyakazi wake NSSF. Kwenye NeST hajashinda kitu hadi ninapoandika. Nyumba za watu binafsi zimeongezeka kupitia Google, si kwa kishindo, lakini zinalipa siku hiyo hiyo.

Na kuna pigo moja la wazi. Taasisi moja ya fedha ilitangaza usafi wa matawi yake, kama milioni 5 kwa mwezi, na ISO 9001 ilikuwa sharti la lazima. Bosi akakatwa hatua ya kwanza. Alinipigia simu jioni ile, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusema "si nilikuambia".

Uchambuzi

Tuanze na pigo hilo, kwa kuwa ndilo hoja nzito dhidi ya uamuzi wetu. Milioni 5 kwa mwezi ni 60 kwa mwaka, 180 kwa miaka mitatu. Faida yake ni milioni 27, na cheti ni 21. Angeshinda na kuishikilia kazi miaka yote mitatu, angebaki na milioni 6 juu. Lakini angetakiwa kununua cheti kabla ya kujua kama atashinda. Ili kununua kuwe na maana kwa tenda hiyo moja, alihitaji uhakika wa karibu asilimia 80 kwamba atashinda, kwenye tenda yenye washindani wakubwa wenye magari kumi. Hakuwa nao. Kukatwa kuliuma, lakini hakukufanya uamuzi uwe mbaya.

Kilichosaidia zaidi kuliko vyote kilikuwa kusoma sababu iliyoandikwa ya kukataliwa na kuiamini. Wenye biashara ndogo wengi wana mazoea ya kudhani barua ya namna hii inaficha jambo: rushwa, kujuana, cheti. Wakati mwingine ni kweli inaficha. Lakini kabla ya kutoa milioni 13 kutibu ugonjwa unaoudhania, soma kwanza ule ulioandikiwa.

Uthibitisho wa kulipia haufanani kwa wateja wote. Kwa mtu wa nyumbani jijini Dar haumsogezi, kwa sababu yeye ameshamuuliza jirani. Katika miji ambayo watu huchagua fundi kwa kutafuta mtandaoni bila kumjua mtu, nembo yenye dirisha la malalamiko inaweza kuwa na uzito zaidi. Kwa mteja mkubwa asiye na mkaguzi wa kazi ya usafi juu yake, kama ile taasisi ya fedha, ISO ni chujio la kupunguza bahasha, na usipokuwa nayo hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kwa mteja anayekaguliwa na mtu mwingine, rekodi za kazi zinashinda stika. Bosi alikuwa na wateja wanaomuuliza jirani, akataka kununua dawa ya wale wenye chujio la ISO, wakati aliyempoteza alikuwa yule anayekaguliwa na mtu mwingine.

Gharama ya kutimiza sheria nayo isipuuzwe katika mahesabu ya aina hii. Tulipozungumza kwamba vya lazima ni nafuu kuliko ISO, ilikuwa kweli kwa ada, si kweli kwa michango ya kila mwezi. Shule iliyoondoka ni sehemu ya bei hiyo. Mshindani asiyelipa atakuwa chini yako daima, na hakuna cheti duniani kinachoziba pengo hilo kwa mteja anayeangalia bei tu.

Na ile milioni 1.8 ya ngao? Naiweka kwenye matangazo, na kama tangazo ilikuwa ghali. Ubaya wake halisi ni kwamba ilimpa hisia ya kuwa ameshashughulikia tatizo, ikachelewesha OSHA kwa miezi.

Waraka mpya wa tenda ya maghala umeshatoka kwa msimu ujao. ISO 9001 imepanda kutoka alama 5 hadi 15. Bosi akishika maghala yote mawili kwa miaka mitatu, faida ni milioni 21.6 dhidi ya gharama ya 21, bila kuhesabu kwamba dogo analo tayari bila cheti. Hesabu imekaribia kusawazika, jambo ambalo mwanzoni halikuwepo kabisa, na nusu ya kazi ya cheti, yaani fomu, ramani na rekodi, imeshafanyika, kwa hiyo mshauri hana haki ya kulipisha bei ile ile. Ameomba profoma mbili mpya. Swali la ithibati ameliweka la kwanza, na la pili ni punguzo.